Trafiki au upelelezi: kazi mbili za polisi Uganda

Sare nyeupe ya trafiki huonekana kwa mbali, na hiyo ndiyo raha yake na balaa lake. Foleni ya Kampala ikifunguka jioni, unaona matunda ya mkono wako papo hapo. Ila moshi na jua ni vya kila siku, na dereva anakuhesabu mla rushwa hata kabla hujasalimia. Faini haipokelewi mkononi: unaandika tikiti, naye analipa benki.

Mpelelezi havai sare wala hapigwi na jua, lakini faili humfuata mpaka usingizini. Ibara ya 23 ya Katiba inampa saa 48 kumfikisha mtuhumiwa mahakamani. Ukimkamata Ijumaa jioni, saa hizo hazingoji Jumatatu. Kesi ya kupigwa, kwa mfano, husimama juu ya Fomu ya Polisi namba 3, inayojazwa na daktari. Majeruhi akichelewa siku tano, uvimbe umeshuka, na daktari hana cha kuandika. Panga likiwekwa stoo bila lebo, wakili wa utetezi atauliza ni panga lipi, na kesi imekwisha. Halafu familia zinasuluhishana kijijini kwa mbuzi, shahidi anazima simu.

Kwa maoni yetu upelelezi ndio mgumu zaidi, na ndio wenye utamu. Siku hakimu anaposoma hukumu kwa kufuata maelezo uliyoyaandika kwa mkono, trafiki hana kitu cha kufanana na hicho.