Miaka mitatu na SELinux: huduma zinapogoma baada ya sasisho la sera

Katika chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia hapa Mbale, Uganda, seva moja yenye mfumo endeshi wa AlmaLinux 9 ndiyo inayobeba daftari la wanachama pamoja na ukurasa wao wa kuangalia salio. Kwa miaka mitatu SELinux haijazimwa humo hata siku moja.

Programu hii ya ulinzi, iliyoanzishwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani na kuingizwa katika kerneli (kiini) ya Linux mwaka 2003, hufanya kazi kwa lebo: kila faili, poti (mlango wa mtandao) na mchakato (programu inayoendeshwa) una lebo yake, na sera, yaani orodha ya kanuni, ndiyo inayoamua nani aguse nini, hata kama mwenye faili ameshatoa ruhusa.

Asubuhi moja, baada ya sera mpya kusakinishwa na lebo za diski kupangwa upya, ukurasa wa salio ulikataa kufunguka huku wakulima wa kahawa waliotoka Bududa tangu alfajiri wakisubiri dirishani. Kosa lilikuwa langu. Folda ya nyaraka nilikuwa nimeiwekea lebo kwa chcon, amri isiyosajili chochote ndani ya sera, kwa hiyo lebo ya awali ilirudi na Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti, ikafungiwa nje. Amri ya ausearch, inayopekua kumbukumbu za ukaguzi, ilinionyesha katazo hilo mara moja, pamoja na jina la mchakato na lebo za pande zote mbili. Nikaisajili folda kwa semanage fcontext, nikapitisha restorecon ili lebo iliyosajiliwa iwekwe kwenye faili, na tangu hapo masasisho hayajasimamisha huduma hiyo tena. Ninachokithamini zaidi ni amri ya semanage permissive, inayolegeza huduma moja tu ili iendelee kuhudumia watu huku makatazo yakiandikwa, na seva iliyobaki ikiendelea kulindwa.

Lawama yangu kubwa ni kwa zana ya audit2allow, ambayo hutunga kanuni ya kuruhusu chochote kilichokataliwa bila kupima kama kilistahili. Tena, makatazo mengine hayaandikwi kabisa mpaka uendeshe amri ya semodule -DB, inayoondoa kanuni za kuyaficha, na fundi mgeni hana pa kulijulia hilo.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, kwa hiyo sikubaliani na mafundi wanaoizima SELinux inapowasumbua mara ya kwanza. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya makatazo hayo yasiyoonekana.