Kikokotoo cha Casio fx-991ES PLUS: miezi nane nacho site Dodoma

Mimi ni fundi sanifu, kazi yangu mahesabu ya mainjinia, vipimo vikitoka site na maabara vinapita kwangu kwanza. Mwanzo nilipigwa bwana, kaduka fulani karibu na soko la Majengo kaliniuzia feki, kale kasola ka juu kalikuwa plastiki tu, nikarudi jamaa ananiambia "mali ikishatoka haijadiliwi". Haya. Hii original nimeagiza Dar.

Aisee inapiga kazi. Mfano juzi tumevunja tofali za zege za maabara zile za 150 mm, mashine inasoma kN 562.5, yaani N 562,500, unagawa kwa eneo la 22,500 mm² (150×150) unapata 25 N/mm², sasa una sampuli kumi na mbili, unaziingiza zote STAT (sehemu ya takwimu) inakupa wastani na mtawanyiko hapohapo, zamani nilikuwa napiga moja moja kwenye simu naudhi watu. Milinganyo ya x, y, z inatatua, matriki mwisho 3×3, zaidi ya hapo fungua kompyuta.

Angalizo, kabla ya pembe yoyote cheki ka-D (digrii) pale juu ya kioo. Dogo wetu wa field aliiacha kwenye R (radiani), sin 30 ikaja -0.988 badala ya 0.5, tukabishana nusu saa tukijua total station (mashine ya kupimia pembe na umbali) imeharibika 😂

Vumbi la Mtumba linaingia kwenye vitufe, futa na mswaki mkavu. Jua la huku ndo linaibeba, betri ya LR44 sijagusa bado.