Fundi kompyuta wa Majengo Dodoma, huyu sio wa kitoto

Wadau kama mashine inawasumbua nendeni kwa yule fundi karibu na soko la Majengo. Yangu ya Linux ina ramu ya GB 8 afu nusu haionekani imeenda wapi, fundi wa kwanza kakomaa ninunue nyingine, huyu kachungulia /proc/meminfo (faili la Linux linaloonyesha ramu inavyotumika) akacheka, kumbe mi mwenyewe nilitenga kurasa kubwa (huge pages, yaani vipande vikubwa vya ramu) 2048 za MB 2 nikijaribu databesi nikasahau, na keneli (kiini cha Linux) ikishazitenga haiwapi programu za kawaida hata zikiwa tupu, wala haizihamishii kwenye diski. Kaweka idadi ya hizo kurasa sifuri tu GB 4 zikarudi, elfu kumi. Foleni sasa, na lile benchi lake bovu, mgongo unauma mpaka leo.