Barabara ya mashambani Marekani: ibaki kwa jimbo au irudi kaunti?

Wisconsin ilianza kuzipa barabara zake namba mwaka 1918, jimbo la kwanza kufanya hivyo. Tangu hapo, njia nyingi za mashambani huko Marekani zimepewa namba ya jimbo, yaani jimbo ndilo linalozitunza, kisha baadhi zikanyang'anywa na kukabidhiwa kaunti, serikali ndogo ndani ya jimbo. Ubishi haujaisha: nani azitunze?

Kwa pesa, jimbo liko mbele. Lina kodi ya mafuta, iliyoanzia Oregon mwaka 1919; kaunti hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo. Texas ilionyesha uzito wa pesa za jimbo mwaka 1949, ilipotenga dola milioni 15 kwa mwaka kwa barabara za kutoka shambani kwenda sokoni.

Kwa wepesi, naipa kaunti. Kalavati likizibwa na matawi, mkulima anamjua dereva wa greda na anampigia simu. Changarawe husawazishwa kwa greda tu. Lakini lami iliyokatika inadai mtambo na fungu zito la pesa, na hapo jimbo ndilo linaloweza zaidi.

Malori ya nafaka yakipita kwenu kila siku, pigania namba ya jimbo. Njia ikiishia kwenye mageti ya mashamba matatu, kaunti itakufaa zaidi.