Slaidi zenye chaji kwa ajili ya imunohistokemia: nusura nizipe nyota moja

Kama umewahi kutoa slaidi kwenye sitreti ya moto, yale maji ya dawa tunayochemshia tishu, ukakuta kioo kitupu, hakina hata alama ya pale tishu ilipokuwa, basi unajua kilichonipeleka dukani. Kwetu ilikuwa bayopsi ya titi iliyochukuliwa kwa sindano: vinyuzi viwili vyembamba kwenye nta. Daktari wa patholojia ameomba ER, PR na HER2, vipimo vya saratani ya titi vinavyofanywa kwa imunohistokemia, yaani kutumia kingamwili kutafuta protini fulani kwenye tishu. Tukakata, tukakausha, tukachemsha. Tishu ya slaidi ya ER ikaondoka yote. PR ilibaki nusu, imejikunja kama manda ya sambusa. Kwenye bloki, lile pande la nta lenye tishu, palikuwa pamebaki tishu ya kukata mara chache tu, na jibu la ER ndilo linaloamua kama mama huyo ataanzishiwa dawa ya tamoksifeni. Huwezi kumrudishia daktari fomu ukaandika "tishu imeisha".

Tulikuwa tunatumia slaidi zilezile za kawaida za hematoksilini na eosini, rangi za kila siku za kuangalia tishu. Kwa kazi hiyo sina ugomvi nazo, kwa sababu hapo tishu haichemshwi. Kwenye imunohistokemia mambo ni mengine. Formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, hufunga protini, kingamwili ikija haioni pa kushika, ndiyo maana tangu Shi na wenzake walipoonyesha mwaka 1991 kwamba joto hurudisha antijeni, yaani pale kingamwili inaposhika, maabara nyingi zinachemsha: sitreti ya pH 6 au Tris-EDTA ya pH 9, nyuzi 95 hadi 98, dakika 20 hivi. Kinyama chenye unene wa mikroni 4 kikae kwenye maji yanayokaribia kuchemka dakika zote hizo, kishikiliwe na nini?

Nikaomba tununuliwe Superfrost Plus, slaidi zenye chaji. Ni kioo cha milimita 75 kwa 25, upande mmoja una sehemu nyeupe ya kuandikia. Ukiweka kando ya slaidi ya kawaida huoni tofauti ya maana, tofauti iko kwenye chaji. Uso wake umetengenezwa uwe na chaji chanya, na tishu iliyokaa kwenye formalini ina chaji hasi kwa wingi, basi vinavutana. Hupaki gundi wala ute wa yai.

Boksi la kwanza lilinivunja moyo. Slaidi nne kati ya kumi za mwanzo zilinyanyuka pembeni wakati wa kuchemsha, moja ikaondoka kabisa. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia mkuu wa maabara aliyesaini ile hela.

Nikampigia mwenzangu wa maabara nyingine kumlilia. Akaniuliza swali moja: "Dada, kwenye maji mnaweka nini?"

Kwenye maji tulikuwa tunaweka gelatini. Yaani kwenye lile beseni la maji ya uvuguvugu ambamo ukanda wa nta unaelea na kunyooka kabla ya kuopolewa na slaidi, Mzee wetu wa mikrotomu, mashine ya kukatia tishu, alikuwa anatia kijiko kidogo cha gelatini kila asubuhi, tangu enzi hizo. Sasa gelatini ni protini. Ikiwa majini inawahi kukaa kwenye kioo kabla ya tishu kufika, na ile chaji uliyoilipia inafunikwa yote. Unabaki na slaidi ya bei mbaya inayofanya kazi kama ya bei rahisi.

Kumwambia Mzee haikuwa rahisi. Nilisubiri amalize chai. "Shikamoo Mzee. Naomba kesho beseni nilijaze mimi." Akanitazama juu ya miwani. "Binti, kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa naharibu?" Nikamwambia hapana, kwa slaidi zetu za zamani gelatini ilikuwa inasaidia kweli, ila hizi mpya haziitaki. Hakujibu, lakini kesho yake nilikuta beseni limesuguliwa linang'aa, na kopo la gelatini limepelekwa juu ya kabati.

Baada ya hapo nikafanya jaribio langu dogo. Bloki moja, yenye mafuta mengi ya titi, maana mafuta ndiyo yanayoongoza kwa kunyanyuka. Mikroni 4, maji yaliyokenekwa peke yake, nyuzi 42. Sita nikaopoa na slaidi za kawaida, sita na Plus, zote zikapita sufuria moja siku moja. Za kawaida: mbili tupu, moja imejikunja. Za Plus zote sita zilitoka na tishu, moja tu ina kona iliyokunjamana, na hiyo kona niliiona tangu iko majini, kosa la mkono wangu.

Ila msidhani slaidi inasamehe uzembe. Maji yakibaki chini ya tishu, haigusani na kioo, na chaji haina la kufanya. Ukishaopoa, simamisha slaidi wima mpaka maji yachuruzike yote, ndipo uiweke ovenini. Nilikuwa na haraka siku moja nikazilaza mbichi moja kwa moja kwenye nyuzi 60, maji yakatengeneza mapovu chini ya tishu, na kila povu likawa mlango wa kunyanyukia. Sasa nakausha saa moja kwa nyuzi 60, na zile za mafuta nazilaza usiku kucha kwa nyuzi 37.

Upande mweupe andika kwa penseli. Kalamu ya wino inafutika kwenye zailini na alkoholi tunazosafishia slaidi, utabaki na rafu ya slaidi nzuri sana zisizo na wenyewe.

Bei? Slaidi za aina hii ni ghali ukilinganisha na za kawaida, na kuagiza kunachukua muda wake. Kabla ya hapo nilijaribu kupaka mwenyewe poli-L-laisini: unaizimua mara kumi, unazamisha slaidi dakika tano, unakausha. Inashika, siwezi kuidharau. Lakini ni kazi ya nusu siku, na wiki hii inatoka vizuri, wiki ijayo hujui. Kwa hiyo tumegawa: za kawaida kwa kazi za kila siku, zenye chaji kwa imunohistokemia na kwa mifupa. Masika ya Dar nayo yanazisumbua zote. Tuliacha boksi wazi mwezi wa nne, zikagandana mbilimbili kwa unyevu. Kosa letu. Sasa zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko na vipakiti vya silika. Na usikate akiba ya tishu ukaiweka miezi, antijeni inafifia. Kwa matiti mwongozo unaofuatwa ni wiki sita mwisho.

Ile bayopsi tuliirudia. Mzee ndiye aliyekata, mimi nikaopoa, kipande cha shingo ya kizazi kikiwa cha kulinganishia juu ya slaidi hiyohiyo. Tulipotoa kwenye sitreti vinyuzi vyote viwili vilikuwepo. Baada ya DAB, ile rangi ya kahawia inayoonyesha kingamwili iliposhika, nikaweka chini ya hadubini: viini vya seli vya kahawia, vimejaa, vingi. Nikamwita Mzee aangalie. Aliangalia muda mrefu, akaniuliza kama kwenye boksi zimebaki tatu za ziada, ana sampuli ya mfupa wa paja iliyomsumbua tangu Jumatatu.

Nazipa nyota nne. Ya tano inasubiri bei ishuke.