Murumbi mmoja, nyumba mbili: Jumanne yangu Archives na Nairobi Gallery

Nimepita mbele ya jengo la Archives, yaani Kumbukumbu za Taifa, pale Moi Avenue miaka yote niliyokaa Nairobi, na kama wewe ni mtu wa mji huu, najua umewahi kumngoja mtu pale nje, jua la utosi, mkono umeganda mfukoni juu ya simu. Mimi nimewangoja pale wadeni wangu, nimemngoja mke wangu kabla hajawa mke wangu, na mara moja fundi bomba ambaye hadi leo hajafika. Kuingia ndani, sikuwahi. Nimeingia Jumanne iliyopita nikiwa na miaka 69, na kilichonipeleka ni albamu zangu za stempu.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Niliajiriwa posta ya Voi mwaka 1976. Wakati huo tulikuwa bado chini ya shirika la Afrika Mashariki, na miongoni mwa stempu tulizouza dirishani zilikuwemo zenye majina ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, yakipokezana nafasi: hii Kenya imetangulia, ile Uganda, asinune mtu. Unaibandika Voi, barua inafika Moshi. Wa Moshi naye anabandika ya aina ile ile, jibu linarudi. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kila nchi ikabaki na zake tu, na mimi nikaanza kuziweka zile za nchi tatu, moja moja, kwa mshahara wa karani. Sijaacha. Sasa ziko albamu 11, na nina watoto watatu, kila mmoja anauliza atapata lini zake.

Nigawe? Niuze? Nipeleke mahali? Taasisi moja, jina nalimeza, niliifuata na swali hilo hilo, albamu mbili kwapani. Nikaambiwa niache jina na namba ya simu. Namba sijabadilisha. Huu ni mwaka wa tatu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, anasomea mambo ya maktaba na kumbukumbu chuoni. Ndiye aliyeniambia: "Mjomba, kabla hujagawa kitu, njoo uone mtu aliyekusanya kukushinda."

Mtu mwenyewe ni Joseph Murumbi. Wengi tunamkumbuka, kama tunamkumbuka, kwa kuwa makamu wa pili wa Rais wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka 1966, kisha akang'atuka. Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Siasa ilipomtoka mikononi, aliendelea na kile alichokuwa amekianza zamani: kununua vitabu, vinyago, vitambaa, mapambo, barua na stempu. Ndiyo, stempu za Afrika. Nilipolisikia hilo nilivaa koti.

Archives kwanza. Mlangoni unakaguliwa, begi linabaki, unalipa kiingilio ambacho hakinyimi mtu chakula cha mchana. Jengo lilikuwa la Bank of India, na bado lina ule utulivu wa benki ya zamani, dari iko mbali, sauti yako inakurudia. Ukumbi wa chini ndio Murumbi Gallery. Na hapa niseme wazi: nilitarajia vumbi. Nilikuta Afrika nzima imepangwa ndani ya vioo. Vinyago vya magharibi, silaha, vigoda, nguo zilizofumwa kwa mkono, shanga za watu ambao sikujua wanavaa shanga. Nilisimama mbele ya kitambaa kimoja hadi mpwa wangu akaniuliza kama nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nahesabu nyuzi, kazi ya posta inakufundisha kutazama vitu vidogo.

Maelezo kwenye vibandiko ni mafupi kwa mtu kama mimi. Kinyago kinakuambia kimetoka nchi gani, lakini mimi nataka kujua nani alikivaa, siku gani, na kwa nini kiliuzwa. Pia ningependa Kiswahili kizidi. Jengo hili liko katikati ya mji ambao hata ugomvi wa makanga unaendeshwa kwa Kiswahili.

Ghorofani ndiko kwenye kazi yenyewe ya nyumba hii, chumba cha kusomea. Watu wameinamisha vichwa juu ya majalada ya enzi za Mwingereza, wengine wanatafuta kesi za ardhi za babu zao. Vitabu vya Murumbi viko katika nyumba hii pia, vikiwemo zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Elfu nane! Mpwa wangu alinieleza kwa sauti ya chini kwamba wageni walikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa mkusanyo wa Murumbi, mzee akakataa, akaiuzia serikali ya Kenya kwa bei ya kujuana, kwa makubaliano kwamba nyumba yake ya Muthaiga igeuzwe chuo cha utafiti wa mambo ya Afrika. Chuo hakikuwa. Nyumba ikaja kubomolewa. Hapo nilizifikiria albamu zangu 11 na nikahisi joto shingoni.

Tukatoka. Kutoka Archives hadi Nairobi Gallery si mbali, hata kilomita mbili hazifiki, na nakushauri uende kwa miguu. Ukikata kupitia Banda Street utaona simba wawili wa mawe wakilinda mlango wa maktaba ya McMillan, jirani na msikiti wa Jamia. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka 1958. Siku hizi kuna shirika la akina dada wawili, Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, linaloshirikiana na Kaunti ya Nairobi kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Siku hiyo hatukuingia, miguu yangu ina bajeti yake. Kenyatta Avenue wapo wale askari watatu wa shaba, sanamu za ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yao kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Nilimwonyesha mpwa wangu, maana wasomi wa siku hizi hupita wakiangalia simu.

Nairobi Gallery ni ile nyumba ya mawe ya mwaka 1913 kando ya Nyayo House. Ilikuwa ofisi ya PC, mkuu wa mkoa, na huko ndiko watu waliandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo. Nje yake ndipo kipimo cha sifuri, mahali ambapo umbali wa barabara huanzia kuhesabiwa. Kwa mtu wa posta hapo ni kama kuhiji. Nilisimama juu yake na kuomba nipigwe picha, na sioni haya.

Ndani kuna sehemu nyingine ya mali ya Murumbi, pamoja na ya African Heritage, duka na jumba la sanaa alilolianzisha mwaka 1972 akiwa na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan. Nyumba ni ya Makumbusho ya Taifa, na mkusanyo unaonyeshwa kwa ushirikiano na wadhamini wa Murumbi. Vyumba ni vidogo, na udogo huo ndio uzuri wake. Archives unaangalia vitu vya Afrika. Huku unaona kwamba vilikuwa vya mtu, mtu mwenye mke, mwenye kiti anachokipenda, mwenye marafiki wasanii wanaomletea kazi zao. Mhudumu aliyetuzungusha alizungumza Kiswahili kizuri na hakuwa na haraka. Nilimuuliza maswali ya stempu hadi mpwa wangu akanifinya.

Kama una saa moja tu, nenda Nairobi Gallery. Kama una siku, anza Archives, kwa sababu ukianza na vyumba vidogo, ule ukumbi mkubwa utakuonekania ghala. Na nenda siku ya kazi, asubuhi.

Tulikaa kwenye benchi nje na chupa ya maji, nikamuuliza mpwa wangu lililonikaa kooni tangu Archives. Mtu mmoja alikusanya, sasa vitabu na vinyago viko huku chini ya idara ya serikali, vito na picha viko kule chini ya shirika jingine, mwenyewe amelala City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru, kama alivyotaka. Si ndiyo ile ile Jumuiya ya 1977, kila mtu kachukua chake?

Akasema, "Mjomba, kugawanyika si tatizo. Tatizo ni kugawanyika bila orodha."

Kisha akanipa mifano miwili ambayo sijaacha kuifikiria. Wa kwanza: mwaka 1969 wahifadhi kumbukumbu wa kanda hii walianzisha chama chao. Jumuiya ilivunjika, reli ikagawanywa, ndege zikagawanywa, stempu zangu zikafa, lakini chama hicho hakikufa. Kilipanuka hadi kusini mwa Afrika, na leo kinaitwa ESARBICA. Bado wanakutana na kufundishana namna ya kutunza faili. Karani mstaafu akisikia habari kama hiyo, anafurahi kuliko akisikia ya mpira.

Wa pili: Makumbusho ya Taifa ya Kenya walishirikiana na makumbusho mawili ya Ujerumani, la Cologne na la Frankfurt, pamoja na vikundi vya wasanii, kutengeneza orodha ya vitu vya Kenya vilivyohifadhiwa ng'ambo. Walipata zaidi ya 32,000, katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 walifanya maonyesho hapa Nairobi, na baadhi ya makabati yakaachwa matupu makusudi, ili uone umbo la kile kisichokuwepo. Hawakuwa wamerudishiwa vitu hivyo. Lakini sasa ukitaka kudai ngoma yako, unajua imelala mji gani.

Basi ombi langu kwa nyumba hizi mbili ni la mtu aliyefurahi, msinielewe vibaya. Natamani tiketi moja inayofungua milango yote miwili, hata ikiwa bei yake ni ya mbili. Natamani zaidi kijitabu kimoja, Kiswahili na Kiingereza, kinachosema: hiki cha Murumbi kiko hapa, ndugu yake yuko kule, tembea dakika 20. Hizo dakika 20 zinamtosha mtalii kunywa chai na mwanafunzi kulalamika. Watu waliweza kuhesabu vitu vya Cologne. Kati ya Moi Avenue na Nyayo House hakuna hata daraja la kuvuka.

Alama zangu: Archives nne kati ya tano, moja imekatwa kwa ajili ya vibandiko. Nairobi Gallery nne na nusu, na hiyo nusu iliyobaki nitaitoa siku nikipata pa kukaa ndani, magoti yangu si ya serikali. Simba wa McMillan nawadai ziara.

Stempu sijazigawa. Nilipokuwa nikirudi nilipita Tom Mboya Street nikanunua daftari gumu la kurasa 200, nikachora mistari: nchi iliyotangulia kuandikwa, mwaka, thamani, imetumika au la, mhuri wa mji gani. Albamu ya kwanza ina stempu 412, na hadi jana usiku nilikuwa nimefika ya 63. Kijana wangu wa kati alipiga simu kuuliza zake nitampa lini. Nimemwambia aje Jumamosi, na aje na kalamu.