Kushika kosher Nairobi na watoto wadogo: uzoefu wangu wa nyumba ya kupanga

Kwa familia kama yetu, likizo ya mjini inaanzia jikoni. Sisi ni Wayahudi tunaoishi Nyandarua na tunashika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula; tuna watoto watatu, mkubwa ana miaka saba na kitindamimba mitatu, na likizo ya Agosti tuliimalizia Nairobi katika nyumba ya kupanga kwa siku, karibu na State House Road. Kabla ya kulipa nilisoma maoni ya wapangaji wengi. Walisifu vitanda, intaneti na bwawa la kuogelea. Sikuona aliyesema kama vyuma vya jiko la gesi vinang'oka, wala kama lango linafunguliwa na mtu au kwa kadi. Kwangu hayo ndiyo maswali ya kwanza, kwa hiyo nayajibu hapa.

Vyuma vinang'oka. Ili kuviondolea mabaki ya vyakula visivyo kosher, tuliviacha juu ya moto mkali mpaka vikawa vyekundu, meza ya jikoni tukaifunika kwa karatasi ya foili, oveni hatukuigusa. Sufuria za mwenye nyumba zimepikiwa kila aina ya kitu, kwa hiyo tulibeba zetu mbili, kikaango, visu, ubao na sahani. Kilichotupunguzia mzigo zaidi ni kuamua kwamba likizo nzima hatutakula nyama. Nyama na maziwa kwetu havichangii chombo, na anayebeba nyama anabeba vyombo mara mbili. Tulikula samaki, mayai, maharagwe, ugali na chapati za kusukuma wenyewe, na vyombo vyote vikaingia kwenye kikapu kimoja.

Samaki tulinunua City Market, pale Muindi Mbingu Street. Samaki wa kosher ni mwenye mapezi na magamba, na magamba lazima niyaone kwa macho yangu, kwa hiyo minofu iliyochunwa ngozi siichukui hata iwe rahisi vipi. Mama samaki alikuwa ameshainua kisu aanze kumpaa tilapia niliyemchagua.

"Mama, tafadhali, niachie na magamba yake."

"Utaweza mwenyewe, dada?"

"Nitaweza. Na kukata nitakata kwa kisu changu."

Hakuuliza zaidi. Alimfunga kwenye gazeti akaniongezea ndimu mbili. Kando yake kulikuwa na kambare, laini na weusi, na binti yangu wa miaka mitano akaniambia kwa sauti ya soko zima kwamba huyo hana magamba, tupite.

Mboga zilitoka soko la City Park, Parklands. Sukuma wiki ndiyo inayokula muda: mboga yenyewe haina shida, ila wadudu wake hatuli. Nailoweka kwenye maji ya chumvi, nasuuza, kisha nalishika kila jani dhidi ya mwanga wa dirisha nikipitisha kidole kwenye mikunjo. Jikoni mwa nyumba hii kuna dirisha kubwa linalotazama mashariki, na asubuhi hata chawa wa mboga mdogo kabisa anaonekana. Kwa hilo peke yake wanastahili sifa. Dukani, kijana wetu mkubwa alipewa kazi ya kusaka alama ya herufi U ndani ya duara, alama ya Orthodox Union, kwenye vyakula vya nje. Aliipata kwenye vyakula vya pakiti ambavyo mimi nilishavipita.

Marafiki wengi walituambia twende tu Eastleigh, huko chakula ni halali. Walisema kwa wema, na ni kweli tunakutana na Waislamu kwenye nguruwe na damu. Lakini uchinjaji wetu una mchinjaji wetu na ukaguzi wake, nyama haichanganywi na maziwa, na ngamia, ambaye Eastleigh ni kitoweo cha heshima, kwetu ni haramu. Ukishika kosher, nyama ya halali haitoshi.

Jambo hilo la ngamia watoto walilielewa Giraffe Centre, Lang'ata, na kama mna siku moja tu ya kutembea, nendeni huko. Unapewa chakula cha punje mkononi, twiga anainamisha kichwa na kukichukua kwa ulimi mrefu mweusi. Baadaye mmoja akasimama kando akitulia, na tukaona donge likipanda ndani ya shingo yake yote, kutoka kifuani hadi kinywani, akaanza kutafuna upya. Mume wangu akawaonyesha watoto kwato: zimepasuka katikati. Anacheua na kwato zimepasuka, basi twiga ana alama zote mbili za mnyama safi. Chini ya miguu yao walikuwa wanapita ngiri, wenye kwato zilizopasuka lakini hawacheui. Ngamia ni kinyume chake. Mlango wa 11 wa Mambo ya Walawi ulikuwa umesimama mbele yetu, na yule wa miaka mitano aliuliza swali moja tu: sasa tutamla? Hapana, mpenzi, twiga analindwa.

Wale ni twiga wa Rothschild, waliopewa jina la Walter Rothschild, mwanazuolojia Myahudi wa Uingereza, ndiye yule yule aliyeandikiwa barua ya Balfour mwaka 1917, ile ambayo serikali ya Uingereza iliunga mkono Wayahudi kupata makao ya kitaifa Palestina. Nilifurahi kuwaeleza wanangu hilo wakiwa na mate ya twiga viganjani.

Kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick kinapokea wageni saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima kuweka nafasi mapema. Jumba la makumbusho ya reli liliwafaa zaidi wavulana: wanapanda kwenye injini za zamani, na kuna nafasi ya kula mlichobeba. Kokote tulikokwenda tulibeba mayai ya kuchemsha, chapati na ndizi. Barabarani tuliruhusu mahindi ya kuchoma, bila ndimu wala pilipili.

Sabato ndiyo ilituchagulia mtaa, maana siku hiyo sinagogi tunaiendea kwa miguu. Jua la Nairobi halihamihami: mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, na Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama, kwa hiyo siku hiyo tulihakikisha saa kumi tuko nyumbani kabla barabara hazijajaa foleni. Sabato hatupiki, kwa hiyo githeri iliingia kwenye kikapu cha kupikia bila moto kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato, ikaliwa moto usiku na vuguvugu Jumamosi mchana. Sinagogi iko University Way, kwenye kona ya Uhuru Highway. Ya kwanza hapo ilifunguliwa 1913, miaka kumi baada ya Waingereza kuwapa Wayahudi pendekezo la kuhamia Uasin Gishu. Siku ya Sabato hatubebi kitu wala kusukuma kigari, na mtoto anayejua kutembea anatembea. Majina na nakala za vitambulisho tulizituma kwa sinagogi mapema wiki hiyo. Kitindamimba alikwenda na kurudi kwa miguu yake, akisimama kwenye kila mti.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema nyumba ya chini. Tulipofika tukapewa ghorofa ya nne, na Sabato hatupandi lifti, kwa kuwa hatuwashi umeme. Taa za ngazi nazo zinawaka zenyewe mtu anapopita, jambo ambalo pia haliruhusiwi kwetu. Soja wa langoni alinisikiliza vizuri kuliko ofisi: Ijumaa jioni aliziwasha zote akaziacha hivyo hadi Jumamosi usiku, na lango alitufungulia kwa mkono kila tulipopita. Jumapili wenye nyumba walituhamishia chini wakaomba radhi, ila pesa hawakurudisha hata senti. Nawapa nyota nne, na moja kati ya hizo ni ya soja. Nitarudi, lakini neno "nyumba ya chini" litakuwa limeandikwa kwenye ujumbe wao kabla sijatuma M-Pesa.